Miti ya Hemant Hailali Ndani

Hemant anafuga miti. Sisemi anapanda, maana kupanda miti ni kazi ya mtu mwenye akili timamu, nasema anafuga. Mti ambao ukiuacha na Mungu wake utapita paa la nyumba, yeye huutia kwenye chungu cha kina cha bakuli la supu, huufunga waya mikono na miguu, huupunguza mizizi kila baada ya miaka miwili, na ukishatimiza miaka thelathini hukuita uje utazame: umefika magotini. Kisha husimama pembeni, mikono nyuma, akingoja usifu. Miti hiyo huitwa bonsai, na wenye maradhi hayo wana chama chao. Hukutana katika ukumbi wa kanisa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, watu wazima na mvi zao, kutazamiana vyungu.

Mara ya kwanza aliponionyesha nilimwambia kwamba kwetu Unguja mtoto akidumaa namna ile hupelekwa spitali, hapelekwi maonyesho. Hemant hakukasirika. Hiyo ndiyo tabu yake nyingine, hata kumtia hasira huwezi.

Mimi naitwa Mahmood. Nilifika Landani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya mapinduzi, kijana wa miaka ishirini, na nimeendesha mabasi ya mji huu miaka thelathini na moja. Kwa hiyo watu nawajua. Nimewaona wakipanda na nimewaona wakishuka. Hemant naye ni mtu wa Unguja, baba yake alikuwa na duka la vitambaa Darajani, lakini kule hatukujuana. Tulijuana hapa Hayes, pembeni mwa Landani, jirani na uwanja wa ndege, mwaka 1979, siku niliyohamia nyumba ya ubavuni mwake. Nilikuwa nateremsha godoro, nikasikia nyuma ya ua mwanamke anamgombeza mume kwa Kiswahili kitamu cha mjini kwa sababu kaleta udongo juu ya zulia. Nililiweka godoro chini nikasikiliza mpaka mwisho.

Mwanamke huyo alikuwa Pushpa, mkewe. Pushpa nilimheshimu, na nalisema wazi maana niliowaheshimu si wengi. Kila Ijumaa alinipitishia sahani juu ya ua: bajia, kachori, siku nyingine muhogo wa nazi, ingawa muhogo unaofika Hayes huwa umeshakufa njiani. Nikiikejeli miti yao alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sijaoa, na sitaki nihurumiwe kwa hilo, lakini nakiri kwamba zile Ijumaa nilizihesabu.

Katika miti yao ishirini na sita, mmoja ulikuwa wa Pushpa peke yake. Ulikuwa ule mti wa Kijapani unaoitwa mepo, wenye majani madogo kama kiganja cha kitoto, ambayo huwa mekundu kabla ya kupukutika. Aliuanza mwaka 1981 ukiwa kijiti. Kila tawi alilikunja yeye kwa vidole vyake, Hemant haruhusiwi kugusa. Pushpa alifariki kiangazi cha mwaka 2008, na tangu siku hiyo Hemant, ambaye nyumba yake imejaa picha za mkewe kutoka mlangoni mpaka jikoni, akitaka kuzungumza naye huenda uani, husimama mbele ya ule mti, na humwambia habari za siku. Mimi nimemsikia. Anamwambia hata bei ya bamia. Mtu yeyote angejua kwamba mti ule ukifa, atakuwa amefiwa na mke mara ya pili.

Sasa mwaka 2010, mwishoni mwa Novemba, Hemant alinijia amevaa kofia ya sufu, anachechemea.

"Mahmood, nna shida yangu."

"Ukiwa na shida huja kwangu. Ukiwa na haluwa huenda kwa Balwinder."

"Nnapasuliwa goti Jumaatatu. Kisha Indu ananchukua kwake Lesta, mpaka Machi. Hataki nikae peke yangu na magongo." Indu ni binti yake, aliyezaliwa hapa, anayekifahamu Kiswahili chote na hukujibu kwa Kiingereza. "Nataka uniangalilie miti."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimuuliza kwa nini asimpe Balwinder. Balwinder ni Singasinga wa Kisumu, mwanachama mwenzake wa vile vyungu, anayekaa mtaa wa tatu, na miti hiyo anaipenda hadi hutokwa na machozi akiizungumza. Nilijua kwamba ameshaomba apewe kazi hiyo, tena ameomba mara mbili. Hemant alitikisa kichwa tu.

"Nataka weye," akasema.

Nikaona sawa. Mtu hata awe mpumbavu namna gani, mwisho humtambua mwenye akili.

Akanipeleka uani kunisomesha. Kando ya ukuta wa banda alikuwa amechimba mtaro, amevipanga vyungu vyote humo, amevifukia kwa maganda ya miti yaliyosagwa, na chini ya maganda kila chungu kimeviringishwa nailoni ya mapovu, ile wanayofungia vyombo vya gilasi. Juu, matawi matupu yalikuwa nje, hayana hata leso. Nilimwambia kwamba amevalisha miguu akasahau kichwa.

"Baridi ya matawi si kitu," akasema. "Mizizi ndo ikiganda sana hufa. Chini ardhini, mizizi ina ardhi nzima ya kujifunika. Ndani ya chungu haina kitu, ndo nkaifukia. Theluji ikianguka, iache pale pale juu, ni blangeti lake. Maji usitie udongo ukiwa umeganda. Upepo ukivuma, vuta lile bati uuzuwie. Na hata ikiwaje, Mahmood, usiitie ndani. Hailali ndani hii."

"Kwani hii ni miti au mbwa wa polisi?"

"Lazma ipate baridi yake ilale. Isipolala, huzeeka kwa mwezi mmoja."

Mti kulala! Mimi nimekulia penye mikarafuu na mifenesi, na sijaona mti hata mmoja uliopiga usingizi. Kwetu mti ukikaa bila jani miezi minne, watu huleta shoka. Lakini nilikubali, nikachukua na kidaftari alichoniandikia, maandishi mazuri ya mtoto wa shule, nikakitia droo ya vijiko.

Wiki tatu za mwanzo nilifanya nilivyoambiwa, yaani sikufanya lolote. Nilikwenda kila asubuhi, nikaitazama ile miti imesimama katika mtaro kama abiria waliokosa basi la mwisho, nikaicheka, nikarudi kunywa chai. Kila Jumapili Hemant alipiga simu kutoka Lesta. "Imelala?" "Imelala." "Haijaguswa na upepo?" "Hemant, upepo una kazi nyingine." Na nakuapia, nilikuwa sina tatizo nayo lolote.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Theluji ilianza asubuhi, na kufika adhuhuri ndege zilikuwa zimekoma kupita. Mtu akikaa Hayes miaka thelathini huwa hazisikii ndege tena. Siku hiyo nilisikia hazipo. Nilivaa makoti mawili, nikatoka na ufagio kufungua njia, na nikaufikia mtaro wa Hemant.

Mtaro wenyewe haukuonekana. Ile misonobari yake ilikuwa imebeba theluji na kunyamaza, na mingine vijiti tu vimetoka juu. Nikaicheka, kama kawaida. Nikafika mwisho wa mtaro, kwenye ule wa Pushpa. Theluji ilikuwa imeufika shingoni, matawi yale aliyoyakunja yeye yameshika barafu kila ncha, na upepo ukivuma yanagongana, yanalia kidogo. Nilisimama pale. Nilikumbuka mwezi wangu wa kwanza katika mji huu, nilivyolala nimevaa suruali mbili na soksi mikononi. Nikajisemea: huyu bwana ni hayawani. Mkewe kafa, mti wa mkewe kauacha nje kwenye barafu, naye mwenyewe kalala Lesta mbele ya moto, miguu juu.

Basi nilichukua sepetu. Nilichimba maganda, nikakigongagonga chungu mpaka kikaachia, nikaubeba ule mti kifuani kama mtoto aliyeanguka kisimani. Ile mingine ishirini na mitano niliiacha. Hiyo ilikuwa ya Hemant, na ya Hemant naiwe barafu kama apendavyo.

Niliuweka sebuleni kwangu, juu ya meza, karibu na hita ya ukutani. Nikaukausha kwa taulo. Niliupa maji vuguvugu. Sitasema niliuambia nini.

Januari tisa, Jumapili, niliamka nikakuta kila ncha imetoa doa jekundu. Baada ya siku nne yakawa majani, majani mazima, mabichi, Januari, Uingereza! Nje bustani zote za mtaa zimekauka, na kwangu mti umevaa kama bibi harusi. Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa ujinga wa Hemant. Miaka thelathini anaitesa miti kwenye mtaro, anaizungushia nailoni, anakwenda kanisani kwa watu kusomewa namna ya kuitesa zaidi, na kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni hita na mtu mwenye akili. Niliamua nisimwambie kwenye simu. Nilitaka aje aone kwa macho yake. Nilishapanga na maneno nitakayomwambia, na nikiwa naosha vyombo nilikuwa nayapitia.

"Imelala?" akauliza Jumapili iliyofuata.

"Fofofo," nikasema, na majani yapo mbele yangu.

Balwinder alipita kuuliza hali ya miti, maana alikuwa bado ana uchungu wa kunyimwa kazi. Nilimkaribisha ndani makusudi. Alipouona mti alivua viatu, sijui kwa nini, zulia langu halistahili heshima hiyo, akausogelea kwa vidole vya miguu.

"Bwana Mahmood," akasema, "hii ni kazi ya fundi. Hemant mwenyewe hajawahi toa majani mwezi wa kwanza."

"Hemant anasoma vitabu mno."

"Mimi zangu pia huingiza ndani. Siwezi kuziacha kwa baridi, roho yangu inakataa."

Ningejiuliza hapo. Balwinder kila masika hununua miti mipya, na mtu hanunui mipya kama ya zamani ipo. Lakini alikuwa ananisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliusogeza mti karibu zaidi na hita. Nikawa naupa maji asubuhi na jioni.

Februari majani yakaanza kurefuka. Hayakuwa tena yale ya kiganja cha kitoto. Yalikuwa marefu, membamba, ya rangi ya mchuzi wa jana, na yote yamegeukia dirishani, yamenipa mgongo. Nikaugeuza mti, nayo yakageuka tena. Kisha pembe zikawa kahawia. Nikiamka asubuhi nakuta matatu mezani, kesho yake sita. Nilipunguza hita, nikaongeza maji, nikapunguza maji, nikaongeza hita. Nilikitoa kile kidaftari kwenye droo ya vijiko nikakisoma chote, kurasa nane, na hakuna mahali alipoandika la kufanya ukishautia ndani, kwa sababu alishaandika usiutie.

Nikajishusha, nikamwita Balwinder. Alikuja, akautazama mti kwa masikitiko makubwa, akashika shavu.

"Hata zangu hufanya hivi hivi," akasema.

"Kisha?"

"Kisha basi."

"Basi vipi?"

"Zinaenda, bwana. Kila mwaka. Lakini hazikuteseka."

Nilimtazama yule mtu na kilemba chake kizuri cha rangi ya samawati, na sijawahi kumdharau mwanadamu kama nilivyomdharau saa hiyo. Dharau hiyo haikuwa yake peke yake. Nilikuwa najijua mwenzake. Alikuwa amekaa miaka ishirini akiua miti kwa mapenzi, na mimi nilikuwa nimekaa wiki tisa.

Siku iliyofuata kulikuwa na jua. Nikasema labda unataka hewa. Niliutoa uani na majani yake yaliyobaki, nikauweka penye jua, na hali ya hewa ilikuwa nzuri hata nikavua kofia. Niliuacha huko. Alfajiri nikakuta umande umeganda juu ya magari, na yale majani yamekuwa meusi, yamelegea kama majani ya chai yaliyokwisha kumiminwa. Mti uliolala nje tangu Novemba haushtuki hata kidogo kwa baridi kama ile. Huu nilikuwa nimeuamsha mimi, nikauvalisha nguo za Julai, kisha nikautoa nje.

Niliyapukutisha majani yote kwa mkono. Niliurudisha mtaroni mahali pake, nikaufunika nailoni na maganda, nikayasawazisha kwa kiganja. Ukiutazama ungesema haujaguswa. Hilo nililifanya kwa ustadi, na ndilo linalonitia haya kuliko mengine yote.

Hemant alirudi wiki ya pili ya Machi, fimbo mkononi, Indu kamshika kwapa. Hakutaka kuingia ndani. Indu alimwambia kwa Kiingereza kwamba kuna baridi, kwamba daktari kakataza, kwamba yeye ni mzee mkaidi. Alikwenda moja kwa moja mtaroni nami nikamfuata.

Miti ishirini na mitano ilikuwa imepona. Ilikuwa imetoa vichipukizi vidogo vigumu, kila mmoja kwa wakati wake. Ile niliyoidharau nilikuwa nimeidharau ipasavyo.

Alifika kwenye ule wa Pushpa. Alimwambia Indu alete kiti, akaketi, goti lake limenyooka mbele. Alishika tawi, akakwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome la mti ulio hai kuna ukijani. Hapa palikuwa pakavu, rangi ya kijiti cha kiberiti. Akateremsha kidole, akakwaruza tena. Akafika shinani. Alikwaruza mara tano au sita, taratibu, na kila akikwaruza alipangusa kidole kwenye koti.

"Baridi ya mwaka huu ilikuwa kubwa," akasema mwisho. "Nlisoma gazetini. Hata viwanja vya ndege walifunga."

Alikuwa ananipa mlango. Ningeitikia tu, "Kubwa kweli," yangekwisha. Hakuna kesi rahisi Landani kama ya kuisingizia baridi. Lakini nilimwona pale kitini anatafuta namna ya kunisamehe, naye hajui la kunisamehe, na nikashindwa.

"Si baridi, Hemant. Nliutia ndani."

Hakugeuka. "Lini?"

"Siku ya theluji. Ukatoa majani Januari."

"Mingapi uloitia?"

"Huu tu."

"Kwa nini huu?"

"Si ndo wa Pushpa huu," nikasema. "Nliuona umefunikwa mpaka shingoni. Nkauonea huruma."

Hapo akanigeukia. Nimesema humtii hasira mtu huyu. Na hata hivyo haikuwa hasira. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama Balwinder.

"Huruma," akasema. "Mie watu wenye huruma n'nao, Mahmood. Balwinder alinililia hapa hapa nimpe. Indu alitaka kuipeleka yote Lesta, aitie chumbani na hita. Nkawakatalia wote. Pushpa mwenyewe alinambia spitali, siku zake za mwisho: ukiugua usimpe mtu anaeipenda, mpe Mahmood. Yule haipendi miti wala hampendi mtu, ataiacha pale pale ilipo."

Indu alikuwa anatazama chini. Alikuwa amefahamu kila neno.

Nilitaka kusema kwamba Pushpa alikosea kunihusu. Lakini aliyemfundisha hivyo ni mimi, juu ya ule ua, kila Ijumaa, miaka ishirini na tisa, na alikufa akiwa ameniamini.

Hemant alijiinua kwa fimbo. Indu akamfungulia mlango wa jikoni, na harufu ya chai ya tangawizi ikatoka mpaka nilipokuwa. Akapanda kidaraja cha mlangoni, mguu mzima kwanza, kisha ule wa goti, akaingia. Tangu tujuane, hiyo ilikuwa mara ya kwanza asiniambie karibu.